Zuio la Muda la Mahakama katika Migogoro ya Umiliki wa Ardhi Tanzania: Historia ya Kanuni na Tatizo la Udanganyifu

Amri ya zuio la muda haimpi mtu yeyote umiliki wa ardhi. Kazi yake ni kuihifadhi mali inayogombewa hadi shauri la msingi lisikilizwe, ili siku ya hukumu kiwepo kitu cha kumkabidhi mshindi. Katika migogoro ya ardhi inayohusishwa na udanganyifu, hata hivyo, kazi hiyo inakabiliwa na ugumu wa pekee. Hali ambayo mahakama inaombwa kuihifadhi inaweza kuwa yenyewe ni zao la hati ya kughushi. Insha hii inadai kwamba historia ya zuio la muda nchini Tanzania ni historia ya kutafuta jibu la swali moja: wakati ukweli haujajulikana, ni nani abebe hasara ya kusubiri?

Chimbuko la kanuni hizi si la kienyeji. Zuio lilikuzwa na majaji wa Uingereza waliotoa nafuu ya kiusawa pale fidia ya fedha ilipokuwa haitoshi. Baada ya utawala wa Waingereza kuimarishwa Tanganyika mwaka 1920, Sheria ya India ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1908 ilianza kutumika katika nchi hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 nayo iliweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana na kuanzisha haki ya kumiliki kwa maana ya kutumia na kukalia. Kwa hiyo, kinachogombewa mahakamani hadi leo ni haki hiyo iliyotolewa na dola, inayothibitishwa kwa hati na kumbukumbu za usajili. Anayeweza kuichezea kumbukumbu anaweza kuichezea haki yenyewe.

Mwaka 1966 sheria ya India ilibadilishwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania. Amri ya XXXVII ya sheria hiyo inairuhusu mahakama kutoa zuio pale mali inayogombewa inapokuwa katika hatari ya kuharibiwa, kufujwa au kuhamishiwa mtu mwingine. Maneno ya sheria yalitaja hatari, lakini hayakueleza kwa ukamilifu jinsi ya kuipima. Kipimo kilitolewa mwaka 1969 na Jaji Mkuu Georges katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe. Mwombaji alitakiwa kuonesha kwamba kuna swali zito la kuamuliwa na uwezekano wa yeye kupata nafuu anayoiomba. Kwamba bila mahakama kuingilia kati atapata madhara yasiyofidika. Na kwamba usumbufu atakaoupata akinyimwa zuio ni mkubwa kuliko ule atakaoupata mdaiwa zuio likitolewa. Katika shauri la Kenya la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973, mizani ya usumbufu ilielezwa kuwa kimbilio pale mahakama inapokuwa na shaka. Mahakama za Tanzania zimezoea kudai masharti yote matatu kwa pamoja.

Sharti la kwanza ndilo linalogusana moja kwa moja na udanganyifu. Katika shauri la Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji la mwaka 1957, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba tuhuma za udanganyifu zinahitaji uthibitisho mzito kuliko ule wa kawaida katika mashauri ya madai. Lakini maombi ya zuio huamuliwa kwa viapo vya maandishi. Saini haijachunguzwa, ofisa wa ardhi hajahojiwa, na jalada la usajili halijafunguliwa mbele ya mashahidi. Mahakama inatakiwa kuona kama swali ni zito bila kulijibu.

Ugumu huo hudhihirika katika sura mbili. Katika sura ya kwanza, mmiliki wa asili anagundua kwamba kiwanja chake kimeandikishwa kwa jina la mgeni anayetaka kukiuza. Akinyimwa zuio, kiwanja kinaweza kufika kwa mnunuzi asiyejua lolote, na kukirejesha kukawa kugumu. Katika sura ya pili, mkopaji aliyeshindwa kulipa anadai kwamba ridhaa ya mwenzi wake, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka katika rehani ya nyumba ya familia, ilighushiwa. Dai hilo linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa njia ya kuahirisha mnada wakati riba inaongezeka. Kwenye karatasi waombaji hawa wawili wanafanana sana.

Jibu moja la sheria limekuwa kuupimia muda. Kanuni ya 3 ya Amri ya XXXVII inaweka ukomo wa miezi sita, unaoweza kuongezwa bila kuzidi mwaka mmoja kwa jumla. Kenya, kwa Kanuni za mwaka 2010, ilichagua miezi 12, isipokuwa mahakama ikiona sababu ya kutosha ya kuongeza. Ukomo huo unamdhibiti mdaiwa anayejificha nyuma ya zuio. Lakini unamwacha wazi mmiliki halali ambaye shauri lake limechelewa bila kosa lake. Ndiyo maana tahadhari inayowasilishwa kwa Msajili wa Hati chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ni kinga ya ziada yenye uzito: inalinda daftari, wakati zuio linawafunga watu.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilisogeza maombi haya hadi kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya utoaji haki. Hatua hizo zimemkaribisha mwananchi kwenye amri inayomhusu. Hata hivyo, hazijaondoa kiini cha tatizo. Zuio haliamui nani ni mmiliki, ila huamua mali itakuwa mikononi mwa nani wakati umiliki unachunguzwa. Katika ardhi, ambako jengo hubomolewa kwa siku moja na shauri hudumu kwa miaka, uamuzi huo mdogo mara nyingi ndio unaoonja haki kabla ya hukumu. Usikilizaji wa haraka wa shauri la msingi ndio unaolipa zuio uhalali wake.