Nani Aliyekupimia Dirisha?

Wengi wetu tukifungua programu ya kuandikia kwenye kompyuta tunakuta dirisha lina ukubwa fulani, herufi za aina fulani na weupe unaochoma macho, basi tunaanza kuandika. Hatuulizi. Ni kama mpangaji anayekuta kitanda kimeziba mlango akakiacha hapo hapo. Mimi leo nauliza: nani alipanga hivi, na kwa nini?

Tuanze na upana. Waandishi wa programu za kompyuta hadi leo wanaitaja sana namba 80, yaani herufi 80 kwa mstari. Namba hiyo haikutoka kwa daktari wa macho. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya karatasi ngumu yenye safu 80 za kutobolewa matundu. Kadi zikapita, kipimo kikabaki. VT100, mashine maarufu ya skrini na kibodi iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na mistari 24, kila mmoja wa herufi 80.

Urefu nao una hadithi yake. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza programu ya kuandikia iitwayo vi. Modemu aliyotumia ilipitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Piga hesabu, ndugu msomaji: kujaza skrini ya herufi 1,920 kulichukua zaidi ya dakika moja! Ndiyo maana vi ikawa na mpangilio uitwao window. Laini ikiwa ya polepole, programu inachora mistari 8 tu. Ikiwa ya wastani, 16. Ikiwa ya kasi, karibu skrini nzima. Na mtumiaji aliweza kubadili namba hiyo mwenyewe. Yeyote aliyewahi kulipia kwa dakika kwenye intaneti kafe huku ukurasa ukijivuta ataielewa busara hiyo.

Na rangi? Zile herufi za kijani kwenye kioo cheusi zilitokana na kemikali iliyopakwa ndani ya kioo. Mwaka 1973 watafiti wa Xerox huko California walitengeneza kompyuta ya Alto, skrini yake imesimama wima kama karatasi, maandishi meusi juu ya weupe. Lengo lilikuwa unachokiona kifanane na kitakachochapwa. Weupe tulionao leo umetokea huko, ingawa mengi tunayoandika siku hizi hayafiki kwenye karatasi kabisa.

Mwaka 1991 Mholanzi Bram Moolenaar akatoa Vim, mtoto wa vi. Ifungue bila faili, katikati ya dirisha huenda ukakutana na maneno ya kuomba msaada kwa watoto wa Uganda. Moolenaar alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, na mpaka alipofariki mwaka 2023 aliwaomba watumiaji wachangie mradi wa watoto wa huko. Programu yenyewe ni bure. Kwenye toleo lake lenye dirisha, andika :set lines=40 columns=90, dirisha linatanuka pale pale. Andika :set background=dark, Vim itachagua rangi za maandishi zinazofaa kioo cheusi.

Utasema haya ni mapambo. Sikubaliani. Dirisha la mistari 8 linakuonyesha sentensi, halikuonyeshi habari. Aya ya kwanza ikishapotea juu ya skrini, ni rahisi kurudia ulichokwisha kusema au kusahau ulichoahidi. Joy alikuwa na sababu ya kubana dirisha: modemu. Wewe huna modemu ile, lakini bado unaishi ndani ya vipimo vya shida za watu wengine.

Fungua sehemu ya mipangilio. Kuza herufi, punguza mwanga, tanua dirisha mpaka uione habari yako ilivyokaa. Ikikushinda, rudisha ilivyokuwa. Lakini angalau liwe dirisha ulilochagua wewe.