Kutembea Bila Sababu: Mtu, Mbwa na Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kiswahili kina maneno mengi ya kutembea, na karibu yote yanadai sababu. Ukisikia "shangazi ametembea", huambiwi kwamba shangazi anafanya mazoezi. Unaambiwa hayupo, kaenda kwa watu. Kutembea kuna mtu mwishoni mwake, kuna kiti utakachokaribishwa na chai utakayopewa. Asiye na pa kwenda hupewa maneno mengine: anarandaranda, anatangatanga, anazurura. Hili la mwisho halikuishia vinywani mwa majirani. Limeingia kwenye hati za mashtaka mahakamani, na limeingia pia kwenye matangazo ya halmashauri zetu, yanapowaonya wananchi kuhusu mbwa wanaozurura.

Kwa hiyo mtu na mbwa wametumiwa kitenzi kimoja kwa kosa moja: kuwapo barabarani bila sababu inayoeleweka. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu ya baba yangu.

Nyumbani kwetu Mbeya, baba ndiye mtembeaji. Ni mwalimu mstaafu. Mwezi wa sita na wa saba, kipupwe kinapokaza, mji wetu ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari huamka na ukungu, na juu zaidi, Kitulo, majani huweza kuamka na jalidi nyeupe. Hapo ndipo baba hufurahi. Huvaa koti la mtumba alilolinunua Mwanjelwa, kofia ya sufu, na kutoka saa kumi na mbili na nusu. Alipokuwa akitoka peke yake, kila jirani alimsimamisha. "Shikamoo mwalimu. Mbona mapema hivi, kwema?" "Marahaba, kwema tu." Jibu hilo halikumtosheleza mtu. Jioni mama aliulizwa sokoni kama kuna msiba, kama baba ana sukari na daktari kamwambia atembee, au kama kuna neno nyumbani. Ugonjwa ungekubalika. Msiba ungekubalika. Kupenda ubaridi wa asubuhi hakukukubalika.

Kisha kaka akaleta mbwa, koko wa rangi ya kahawia aitwaye Popi, na baba akamfunga kamba. Maswali yakaisha siku hiyo hiyo. "Namtembeza huyu," anasema, na watu wanapita na shughuli zao. Watoto wanacheka kidogo, kwa maana mbwa wa mtaani kwetu huwa hatembezwi. Hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, hula ugali wa dona kwa dagaa na kulipia chakula chake kwa kubweka. Lakini kamba ile ilimpa baba kitu ambacho miaka thelathini na zaidi ya kufundisha haikumpa: ruhusa ya kutembea bila kwenda popote.

Wapo wanaosema kwamba huo ni uzungu, mwanzo hadi mwisho. Historia haikubali kirahisi.

Tuanze na mbwa. Neno lenyewe ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Waganda husema embwa, Wanyarwanda imbwa, Washona imbwa, wasemaji wa Kilingala mbwa. Lugha zilizotawanyika umbali huo haziwezi kushiriki neno kwa bahati; wazee wao walikuwa na mnyama huyo kabla hawajaachana. Katika nyanda zetu mbwa alikuwa mwenzi wa mwindaji na mlinzi wa shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Pwani mambo yalichukua njia nyingine kidogo, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyelelewa Unguja na mtu aliyelelewa Iringa wanaweza kumtazama mbwa yule yule na kila mmoja akaona kitu tofauti, wala hakuna aliyekosea adabu ya kwao.

Na huwezi kutaja mbwa na Iringa katika sentensi moja bila mtu kucheka. Utani wa Wahehe na nyama ya mbwa unajulikana nchi nzima, na Wahehe wenyewe huusimulia vizuri kuliko watani wao. Tusisahau utani ulikotoka. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha wajukuu wao wakawa watani, wakitukanana msibani na kuzikana kwa heshima. Mbwa amebebeshwa sehemu ya mzigo huo wa amani.

Sasa kutembea. Wataalamu wa anthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Wavulana waliochunga ng'ombe pamoja walihama nyumbani kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi na kuanzisha kijiji chao, ambacho kingekua pamoja nao hadi wanaoa na kuzeeka. Msingi wa kijiji hicho uliitwa ukwangala: kufurahia kuwa pamoja, kula pamoja, kuzungumza, kukaa na wenzako bila haraka. Halikuwa jambo la pembeni lililofanywa baada ya kazi. Ilikuwa adabu ya mtu mzima, na mtu asiyeweza kukaa na wenzake alitiliwa shaka. Jamii yenye neno kama hilo haikuhitaji kufundishwa mapumziko na mgeni.

Kilichobadilika ni nani aliruhusiwa kupumzika wapi, na mabadiliko hayo yana tarehe.

Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akatoroka, na kwa karibu miaka minne alitembea katika misitu na vilima vya Uhehe huku jeshi likimsaka na kujaribu kukata chakula na habari vilivyomfikia. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Katika miaka hiyo, Mhehe aliyebeba kikapu cha mahindi kwenye njia ya mlimani alikuwa na maswali ya kujibu. Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, katikati ya kipupwe.

Wakati huo huo mji mpya wa Iringa, ulioanzishwa mwaka 1896 kilomita chache kutoka Kalenga, ulikuwa na familia yake ya kwanza ya Kijerumani. Magdalene von Prince, mke wa Tom von Prince aliyeongoza msako ule, aliandika kitabu kilichochapishwa Berlin mwaka 1903 kuhusu maisha yake huku bara. Ukitaka kujua habari za bustani, jiko na watumishi wa nyumba ya kikoloni Iringa, utazipata humo. Habari za jiko la Mhehe aliyekimbia mwaka ule ule utazitafuta kwa wajukuu. Ndivyo maisha ya kawaida ya familia yalivyogawanywa: upande mmoja yaliandikwa, upande wa pili yalikatizwa.

Waingereza walipochukua Tanganyika, mgawanyo uliingia kwenye ramani za miji. Mbeya ulikua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ukisukumwa na dhahabu ya Lupa, na mpaka leo majina ya mitaa yanasema mpango ulivyokuwa: Uzunguni, Uhindini, na chini huko walikoishi wengine. Iringa, nyumba za maofisa zilipanda Gangilonga, karibu na jiwe ambalo jina lake la Kihehe humaanisha jiwe linaloongea, ambalo kwa simulizi za wenyeji Mkwawa alikwenda kutafakari. Hewa ya baridi ilikuwa sehemu ya mvuto wenyewe. Walowezi walioogopa homa za pwani waliziona nyanda hizi kama mahali pa kuishi na watoto, kuotesha mawaridi, kufuga mbwa wa mbegu na kutoka nao jioni kupunga hewa.

Mwafrika aliyetoka jioni katika mji huo huo alikuwa na jina tofauti. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu watu wasio na njia ya kujikimu iliwaruhusu mahakimu kuwarudisha vijijini waliokutwa mjini bila kazi. Kisha Kanuni ya Adhabu ikaweka makosa ya uzembe na uzururaji, yaliyonakiliwa kutoka sheria za zamani za Uingereza dhidi ya maskini wake yenyewe. Hivyo barabara moja, saa moja, ikawa na watu wa aina mbili: anayepunga hewa na anayezurura. Mtumishi aliyeshika kamba ya mbwa wa bwana wake alikuwa katikati. Mbwa alikuwa sababu yake ya kuwapo.

Si kwamba watu wetu hawakutembea. Walitembea kuliko wote. Wanyakyusa walishuka na kupanda milima hadi Lupa, wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakafika Afrika Kusini. Wabena na Wahehe walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, wakiitwa kwa tarakimu. Mguu wa Nyanda za Juu Kusini ulijengea nchi uchumi. Ulikosa tu haki ya kwenda mahali bila kutumwa. Nadhani hapo ndipo walipotoka wale wazee wa kwetu ambao, ukimwambia mmoja wao twende tukatembee, huuliza kwanza, "Kuchukua nini?"

Uhuru ulibadilisha wakazi wa Uzunguni kuliko ulivyobadilisha Uzunguni. Maofisa wetu waliingia katika nyumba zile zile, na baadaye kuta zikapanda, na kwenye mageti yakaandikwa maneno mawili ambayo kila mtoto wa shule anayajua: MBWA MKALI. Mbwa aliyetembezwa na mkoloni akawa mbwa anayefungiwa na mwananchi. Mwaka 1983 serikali ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na katika operesheni iliyofuata, watu waliokamatwa mijini bila kitambulisho cha kazi walipelekwa mashambani. Nia ilitangazwa kuwa uzalishaji, wakati ambapo maduka yalikuwa matupu. Lakini swali la askari barabarani lilikuwa lile lile la mwaka 1923: unatoka wapi, unakwenda wapi, unafanya kazi gani?

Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyohusu uzembe na uzururaji, viliishi miongo mingi baada ya bendera ya mkoloni kushuka. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la umoja wa wanasheria wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji barani zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba umaskini si kosa, na kusimama barabarani si kosa. Maoni ya ushauri, hata hivyo, hayamfikii mgambo wa saa mbili usiku kwa kasi ile ile. Kijana wa bodaboda anayenyoosha miguu baada ya kazi bado huulizwa. Dada anayetembea peke yake jioni huulizwa kwa namna mbaya zaidi, kwa kuwa sheria zile tangu mwanzo ziliunganisha mwanamke aliyeko barabarani na ukahaba. Baba yangu haulizwi. Ana mvi, ana koti, ana Popi.

Ndiyo maana siwezi kuyaona matembezi yake kama burudani tu ya mzee. Hapandi kuelekea Loleza kwa miguu ya Mzungu. Anatembea kwa miguu ya babu zake waliotembea kwa kutumwa, ila yeye hakutumwa. Kinachonisumbua ni kwamba bado anahitaji kamba.

Na mbwa mwenyewe? Kwake pia jambo hili lina uzito. Mbwa anayetembezwa hujulikana jina, na anayejulikana jina huchanjwa. Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu anayeanza kuonyesha dalili, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Miaka mingi jibu rahisi la miji mingi lilikuwa risasi na sumu kwa mbwa wanaozurura. Lakini chanjo ndiyo inayofanya kazi, na chanjo huhitaji mbwa mwenye mtu wa kumpeleka kwenye foleni siku inapotangazwa. Mwaka jana Popi alipelekwa na baba, kwa miguu, na kadi yake imewekwa kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Siku hizi Jumapili asubuhi utawakuta vijana wa Iringa wakipanda Gangilonga na chupa za maji, na wa Mbeya wakifuata njia za Loleza, wanne wanne, wakipiga picha na kubishana kuhusu mpira. Hawana mbwa, hawaendi kwa mtu, hawachukui kitu. Wakikutana na mama anayeshuka na mzigo wa kuni kichwani, wanampisha njia na kumwamkia. Anaitikia, kisha anauliza wanakwenda wapi. "Tunatembea tu, mama." Anawatazama kidogo, anacheka, anawaambia wafunge vizuri makoti maana juu kuna upepo.