Nayeche

Nayeche ni mwanamke anayetajwa katika masimulizi ya asili ya Waturkana wa Kenya na Wajie wa Karamoja, Uganda. Masimulizi hayo yana matoleo kadhaa. Katika moja, wakati wa njaa, Nayeche anafuata nyayo za fahali wa kijivu, Engiro, hadi kwenye bonde la mto Tarach, ambao sehemu yake ya chini hupita mji wa Kakuma. Katika jingine, vijana wa Kijie wanamtafuta fahali aliyepotea, wanamkuta Nayeche akichuma matunda ya mwitu, kisha wanarudi kwao kuwaita wenzao wahamie huko. Kilima cha Moru Anayeche kinabeba jina lake.

Mwanahistoria John Lamphear alichambua masimulizi haya katika kitabu chake cha 1976 kuhusu Wajie. Mtafiti Mustafa Kemal Mirzeler aliyaandikia kitabu kizima, kilichotoka 2014.

Tofauti za matoleo hazipunguzi thamani yake: yote yanakubaliana juu ya udugu wa jamii hizo mbili za kundi la Ateker. Udugu huo huadhimishwa pia mjini Lodwar, Kenya, katika tamasha la Tobong'u Lore.