Wanawake wa Mwanza Wanaosubiri Tanbihi

Tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958, chama cha kudai uhuru cha TANU kilikuwa marufuku katika Jimbo la Ziwa. Huku Bibi Titi Mohamed akiandikisha wanawake kwa maelfu Dar es Salaam, mkoloni hakutaka kusikia tawi la chama hicho Mwanza. Wakulima wa pamba walikuwa wameshajipanga: mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele. Kuongeza siasa juu ya ushirika huo kuliitisha serikali.

Marufuku ile ilishaondolewa, lakini mhariri wa kujitolea wa Wikipedia anayetaka kuandika habari za wanawake wa Mwanza waliodai uhuru bado anagongana nayo. Shughuli ya kificho haina muhtasari wa kikao, wala picha gazetini. Kwenye ushirika nako, mwanamke alipalilia na kuchuma pamba, ila aliyeandikwa kwenye daftari la wanachama mara nyingi alikuwa mume.

Kuwatafuta wanawake hao nilianzia mtaa wa Mabatini, nyumba zikiwa zimekwea mawe ya kilimani na Mto Mirongo ukipita chini kuelekea ziwani. Ukishuka mjini, barabara kubwa zinakutajia Nyerere, Kenyatta, Makongoro. Mgeni anayesoma historia ya mji kwa vibao atadhani ulijengwa na wanaume watupu.

Atadhani hivyo hivyo akifungua intaneti. Wikipedia ilianza Januari 2001, na kamusi elezo huru ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Yeyote aliruhusiwa kuandika, ila waliojitokeza walikuwa zaidi wanaume: utafiti uliotangazwa sana mwaka 2011 ulikuta wanawake hawafiki asilimia 13 ya wachangiaji. Mwaka 2015, katika toleo la Kiingereza, wasifu wa wanawake ulikuwa kama asilimia 15 tu ya wasifu wote. Mwaka huo likaanzishwa kundi la Women in Red, lililoazimia kugeuza majina mekundu, yaani yasiyo na makala, yawe ya buluu. Leo wasifu wao ni kama moja ya tano. Machi 2018 Wasweden wakaanzisha WikiGap, warsha za kuandika habari za wanawake zilizosambaa nchi nyingi. Kwetu, kikundi cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili kimekuwa kikiwafunza vijana kuandika na kuhariri bila malipo.

Hata hivyo, bidii ina mpaka wake. Kila sentensi inatakiwa kuegemea chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Mwaka 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Miezi michache baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Ikiwa profesa wa chuo kikuu aliachwa nje hivyo, mama aliyeficha kadi za chama chini ya kitanda ana nafasi gani?

Ziwa Victoria lenyewe linatoa mifano ya pande zote. Ng'ambo ya bandari ya Mwanza kipo kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa Gertrude Mongella mwaka 1945. Aliongoza Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing Septemba 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Makala yake haina shida: Beijing ilizalisha karatasi kwa malundo. Upande wa magharibi kuna Barbro Johansson, mmisionari Msweden aliyefika Bukoba mwaka 1946, akafundisha wasichana, na mwaka 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Yeye naye ameandikwa, kwao na kwetu. Wanawake waliofanya siasa pamoja na watu kama hao, bila cheo wala barua rasmi, ndio walioachwa.

Ila waliwahi kuulizwa. Miaka ya 1980 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alikaa na wanawake wa TANU wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, akarekodi maisha yao. Kitabu chake, *TANU Women*, kilitoka mwaka 1997. Bibi Titi, aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972, alikuwa amenyamaziwa kwa miaka mingi. Kitabuni humo anasema mwenyewe. Na Mwanza ina sura yake. Hapo ndipo mhariri anapata mahali pa kuweka tanbihi. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa amefanya jambo kama hilo kabla ya Geiger, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad: leo hakuna anayehangaika kuthibitisha kwamba mwimbaji yule alikuwepo.

Kwa hiyo anayewalaumu wahariri peke yao anakamata mkia. Pengo la kwenye skrini lilichimbwa zamani, kwenye daftari la ushirika, kwenye jalada la mkuu wa wilaya na kwenye chumba cha habari. Kulijaza kunaanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Mwanza ina redio, ina magazeti yenye waandishi wa mikoani, na ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kimefundisha waandishi wa habari kwa miaka mingi. Msichana aliyekuwa na miaka ishirini marufuku ilipoondolewa mwaka 1958 sasa anakaribia tisini. Mwanafunzi akimhoji na mhariri wa gazeti akakubali kuchapa, makala ya kamusi elezo inaweza kuandikwa wiki hiyo hiyo. Asipohojiwa, makala yake itabaki mbegu, yaani fupi isiyokamilika, au haitaanzishwa kabisa, hata tukifanya warsha kila Machi.