Mwanamke Anapooa: Ndoa ya Wanandi na Mali ya Nyumba

Mtu akisikia kwamba katika mila ya Wanandi wa Kenya mwanamke anaweza kumwoa mwanamke mwenzake, swali la kwanza huwa la chumbani: wanalalaje hao? Udadisi huo si dhambi, ila haufiki kwenye kiini cha jambo. Historia ya nyanda za Uasin Gishu, kutoka vilima vya Nandi hadi mashamba ya Plateau kusini mashariki mwa Eldoret, inadai swali jingine: mama asipokuwa na mtoto wa kiume, mali ya nyumba yake itakwenda kwa nani? Ndoa hii ilizaliwa na urithi, na kwa kipimo cha urithi ndipo inapaswa kuhukumiwa.

Katika boma la mitala, kila mke wa Kinandi alikuwa na nyumba yake na ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo, na warithi wa ng'ombe hao walikuwa wanawe wa kiume. Asipokuwa na mwana, ng'ombe waliangukia wana wa mke mwenza au ndugu za mume. Kwa hiyo mama aliyepita umri wa kuzaa alitoa mahari, akaoa msichana, akahesabiwa mume mbele ya ukoo. Msichana alizaa na mwanamume, lakini watoto walikuwa wa nyumba ile, na wana wakairithi. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyefanya utafiti Nandi katika miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1980 maelezo ya wenyeji: mwoaji amekuwa mwanamume, halali tena na wanaume, wala hana tendo la ndoa na mkewe. Wakuria na Wakamba nao wana ndoa za aina hii, na kwao pia shabaha ni watoto na jina la nyumba.

Ukoloni uligeuza mali yenyewe. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka 1905, Wanandi wakasukumwa katika hifadhi, na kuanzia mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa mashamba katika nyanda za Uasin Gishu. Reli iliyopita Plateau ilifika Eldoret mwaka 1924, ikasafirisha mazao ya walowezi. Baada ya uhuru, familia za Wakalenjin, jamii ambayo Wanandi ni sehemu yake, zilinunua au kugawiwa vipande vya mashamba hayo. Ng'ombe huzaana, ekari hazizaani. Hati ya shamba ikawa na jina la mtu mmoja, na ugomvi wa nani ni mrithi ukapanda kutoka baraza la wazee hadi mahakamani.

Wapo wanaosema ndoa hii ni mapenzi ya jinsia moja yaliyofunikwa kwa mila. Hakuna awezaye kuapa juu ya siri za kila nyumba, lakini mahari, umri wa mwoaji na watoto wanaotarajiwa vyote vinaelekea kwenye urithi. Pingamizi zito zaidi ni la haki: mwolewaji mara nyingi ni binti maskini, au aliyezaa kabla ya ndoa, na mume wake hawezi kumlinda asiambukizwe Virusi vya Ukimwi na wanaume anaozaa nao. Hilo ni kweli, na mila haina jibu la kutosha. Tena sayansi inaonyesha kwamba kumlaumu mama kwa kukosa mwana hakukuwa haki: jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, na ugumba unaweza kuwa wa mume vilevile. Mama alinyimwa mali kwa kosa lisilo lake, kisha akaachiwa mlango mmoja tu wa kuiokoa.

Sheria ya leo inavutana yenyewe. Katiba ya 2010 inalinda utamaduni katika kifungu cha 11, lakini kifungu cha 45 kinataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, kabla ya sheria hiyo ya ndoa, mwaka 2011 Jaji Jackton Ojwang' wa Mahakama Kuu, Mombasa, alimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi kuwa mrithi wa marehemu mwoaji wake pamoja na watoto wake, dhidi ya madai ya jamaa wengine. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa sababu ulimlinda mtu aliyeingia ndoani kwa ahadi ya ukoo mzima. Mabinti wa Kenya sasa wana haki sawa ya kurithi. Familia zikiwapa haki hiyo, ulazima wa ndoa hii utapungua wenyewe. Mpaka hapo, wazee wa Plateau na Nandi waandike makubaliano ya kila ndoa ya aina hii, yasainiwe mbele ya mashahidi, ili mke na watoto wake wasifukuzwe shambani siku mwoaji atakapozikwa.