Masalia ya kijeshi ya Wajerumani katika Rufiji

Masalia ya kijeshi ya Wajerumani katika Rufiji ni vitu vilivyoachwa na jeshi la Ujerumani katika bonde na delta ya mto Rufiji, Mkoa wa Pwani, Tanzania, hasa wakati wa Vita vya Majimaji (1905–1907) na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Miongoni mwake ni vipande vya manowari, maganda ya risasi, vifungo vya sare na sarafu. Wakusanyaji huvitafuta, lakini kwa mwanahistoria kitu kisichojulikana kilipookotwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Historia

Ngarambe ndipo alipoishi Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kinga dhidi ya risasi. Mapigano yalianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Askari wao walichukua silaha za wapiganaji kama ngawira, na baadhi ziko hadi leo katika Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari SMS Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Ilishambuliwa na HMS Severn na HMS Mersey tarehe 6 na 11 Julai 1915, na siku hiyo ya pili mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa ikatumika nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini.

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuopoa mabaki ya Königsberg kwa pauni 200. Uopoaji wa metali uliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1966 mabaki yalididimia katika tope la mto.

Utambuzi

* Sarafu: Sarafu za kwanza zilikuwa na jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na rupia 1 ilikuwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ziliandikwa "Deutsch Ostafrika", na rupia 1 ikawa heller 100. Kutoka heller Kiswahili kilipata neno "hela". Herufi A ni alama ya Berlin, J ya Hamburg, na T ya Tabora, zilikotengenezwa sarafu za vita mwaka 1916. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo huigizwa mara nyingi.
* Maganda ya risasi: Askari wengi walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi za milimita 11 na baruti ya moshi. Mauser ya mwaka 1898 hutumia risasi za milimita 7.92 ambazo kitako chake hakina ukingo uliotokeza. Risasi za Kiingereza za milimita 7.7 zinao. Kitako cha ganda la Kijerumani kwa kawaida huonyesha kiwanda, mwezi na mwaka.
* Vifungo: Nanga huashiria jeshi la majini, kwa mfano mabaharia wa Königsberg.

Alama pekee hazitoshi. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani walitumia bunduki na risasi walizoteka kwa Waingereza. Kwa hiyo ganda la Kiingereza huenda lilifyatuliwa na askari wa Kijerumani. Mahali lilipokutwa, kina chake na vitu vilivyokuwa karibu nalo ndivyo husaidia kujua ukweli.

Sheria na usalama

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vitu vya baadaye hulindwa vikitangazwa na waziri. Bunduki na risasi, hata za zamani, zinahusu pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Tetesi za "mali ya Mjerumani" iliyofukiwa huwafanya watu wachimbe ovyo, na matapeli huzitumia kuuza ramani na sarafu bandia. Uchimbaji huo huharibu ushahidi. Kombora ambalo halikulipuka linaweza kuua hata baada ya miaka 100, hivyo halipaswi kuguswa, kugongwa wala kuuzwa kama chuma chakavu. Anayelikuta aweke alama mbali nalo na kutoa taarifa polisi.