Ununuzi wa Alaska: Nani alimuuzia nani?

KISA cha Alaska hupendwa sana na walimu wanapotaka kufafanua methali isemayo ‘mdharau mwiba mguu huota tende’. Leo ningependa tukitazame kwa jicho la pili, hasa kile kitenzi kinachokibeba: kununua.

Usiku wa kuamkia Machi 30, 1867, jijini Washington, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, William Seward, na balozi wa Urusi, Eduard de Stoeckl, walikesha wakiandaa mkataba. Saa kumi alfajiri wakatia saini. Kwa dola milioni 7.2, yaani takriban senti mbili kwa kila eka, Marekani ikajipatia eneo linaloishinda Kenya kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Wakosoaji hawakumsaza Seward. Eti serikali imenunua barafu! Lakabu zikamiminika: ‘upumbavu wa Seward’, ‘sanduku la barafu la Seward’, na hata ‘bustani ya dubu’ ya Rais Andrew Johnson. Hata hivyo, tusikitie kisa chumvi. Seneti iliuidhinisha mkataba huo kwa kura 37 dhidi ya 2. Lakabu ndizo zilizodumu kwa kuwa kejeli hukumbukwa kuliko hesabu ya kura.

Muuzaji naye alikuwa na sababu zake. Urusi ilikuwa imeshindwa katika Vita vya Crimea mnamo 1856, na ilihofia kwamba Waingereza waliokuwa Kanada wangelinyakua eneo hilo bure bilashi. Isitoshe, fisi-maji wa baharini, ambao ngozi zao ndizo zilizowavuta Warusi huko, walikuwa wamewindwa hadi wakaadimika.

Kisha mambo yakageuka. Mnamo 1898 dhahabu ilipatikana Nome. Mwaka wa 1968 mafuta mengi yakagunduliwa Prudhoe Bay. Seward, aliyefariki 1872, hakuyaona hayo. Hapo ndipo wengi hukatia kisa, wakaitaja methali yao na kufunga kitabu.

Lakini hebu tujiulize: Warusi waliuza nini hasa? Walowezi wao hawakuwahi kufika hata elfu moja, na wengi waliishi katika vituo vichache vya pwani. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa mikononi mwa wenyeji: Wainupiat, Wayupik, Waathabaska, Wahaida, na Watlingit waliokuwa wamepigana na Warusi huko Sitka mwaka wa 1804. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa mezani. Kifungu cha tatu cha mkataba kiliwaita makabila yasiyostaarabika, kikawatenga na haki za uraia walizoahidiwa wakazi wengine waliochagua kubaki. Uraia wa wenyeji wote wa asili ulikuja mnamo 1924.

Mwaka wa 1968, mahakama ya Marekani iliamua kuwa Watlingit na Wahaida walipwe fidia ya takriban dola milioni 7.5 kwa ardhi waliyopoteza. Linganisha, msomaji, na zile milioni 7.2 alizolipwa Mrusi karne moja awali. Mnamo 1971, sheria nyingine ikawarejeshea wenyeji wa Alaska eka milioni 44 pamoja na fidia ya karibu dola bilioni moja.

Lugha nazo zililipa gharama. Jina lenyewe, Alaska, ni la Waunanga wa visiwa vya Aleutia, nalo linarejelea nchi kavu ambayo bahari huiendea. Jina lilibaki, lakini mzungumzaji asilia wa mwisho wa lugha ya Eyak alifariki mnamo 2008. Ilipofika 2014, jimbo hilo lilizitambua lugha 20 za wenyeji kuwa rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa Eyak, jua lilikuwa limeshatua.

Kitenzi ‘kununua’ hutuonyesha watu wawili tu, mnunuzi na muuzaji. Mwenye mali, ikiwa ni mtu wa tatu, hufichika nyuma ya sarufi. Basi methali ya mwiba na iwaendee waliomcheka Seward. Watlingit na wenzao wanaifahamu zaidi ile ya ndovu na nyasi. Ila huku Alaska ndovu hawakupigana. Walipatana, na nyasi zikaumia vilevile.